Kuhusu Karatasi ya USIZIME na Mgeni Aliyemo Ndani ya Kompyuta ya Chumba Namba Tatu

Ofisi ya Usajili wa Vizazi,
Chumba Namba 3,
Alhamisi, saa sita na nusu mchana.

Kwa Mkurugenzi wa Mitambo,
Makao Makuu.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: OMBI LA KUMTAMBULISHA, KUMHOJI AU KUMZIMA MFANYAKAZI ASIYEONEKANA

Naanza kwa kukutakia afya njema, wewe na wa nyumbani kwako, na kompyuta inayofunguka ukiiambia ifunguke.

Mimi ni karani wa chumba namba tatu, yule anayewaandikia watoto vyeti vya kuzaliwa. Hunifahamu, na sikulaumu, maana tuko wengi na wewe uko mmoja. Nina umri wa miaka ishirini na sita, elimu ya sekondari, cheti cha ukarani cha miezi tisa, na mtoto mmoja wa kike wa miezi saba ambaye nyumbani tunamwita Kadogo. Barua hii naiandika kwa mkono, wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu kompyuta niliiomba ukurasa mtupu tangu saa nne asubuhi na mpaka sasa bado inatafakari.

Sipendi kulalamika. Nikikanyagwa mguu mimi ndiye huomba radhi. Lakini safari hii maji yamenifika shingoni, na aliyeyafungulia simjui, kwa hiyo nimeona nikuandikie wewe mwenye bomba.

Kwanza nieleze hali ilivyo, usije ukasema huyu mama analia bila kidonda. Ofisi yetu hufungwa saa kumi na nusu. Kwa utaratibu tulionao, karani hatoki mpaka achape muhtasari wa siku, yaani karatasi moja tu yenye idadi ya watoto waliosajiliwa, kisha igongwe muhuri. Zamani karatasi hiyo ilitoka kwa dakika tatu. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi ilikuwa inatoka kwa dakika ishirini. Leo hii inatoka kwa dakika hamsini, tena ikiwa imeamka vizuri.

Kadogo analelewa kwenye kituo cha watoto mtaa wa pili kutoka hapa. Kituo hufungwa saa kumi na moja kamili. Mlezi pale ni mama mpole, ana sauti ya chini na mikono ya joto, na ana sheria moja: mzazi akichelewa, jina lake linaandikwa ubaoni kwa chaki, mbele ya wenzake. Likiandikwa mara tatu, mtoto anampisha mwingine. Wanaosubiri nafasi ni kumi na wanne. Jina langu, Ndugu Mkurugenzi, liko ubaoni mara mbili. Mtoto akikosa pa kukaa, mimi nitakaa naye nyumbani, na nikikaa nyumbani sina kazi. Ndiyo maana naomba usiisome barua hii kwa haraka huku ukinywa kitu.

Sasa malalamiko yangu, kwa mpangilio.

1. Kwamba ndani ya kompyuta ya chumba namba tatu anaishi mgeni.

Nilimgundua mwenyewe. Mtu akikaa dakika hamsini akitazama kioo hugundua mengi. Nilifungua lile dirisha linaloonyesha kazi zote zinazoendelea ndani ya mashine, nikakuta orodha ndefu ya majina, kila moja likijichukulia kidogo chake kwa adabu. Katikati yao yupo mmoja, jina lake herufi nane ambazo huwezi kuzitamka hata ukiwa umeshiba. Huyo peke yake anakula asilimia tisini na mbili ya kumbukumbu ya mashine, na prosesa ameishika karibu yote.

Kwa kuwa mimi si mtaalamu, fundi alinieleza kwa lugha ya nyumbani: kumbukumbu ni meza ya kufanyia kazi, prosesa ni mikono inayofanya. Basi nikaelewa. Mgeni wetu amelala juu ya meza mzima mzima, na mikono ameilalia. Mimi, printa, saa ya kompyuta na kipanya tunagombania asilimia nane kama kuku kwenye punje moja.

2. Kwamba fundi tumemwita mara tatu.

Fundi huyu ofisini tunamwita Subiri Kidogo, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza akiingia na la mwisho akitoka. Mara ya kwanza alimtazama Mgeni kwa muda, akashusha sauti kama yuko msibani, akaniambia, "Dada, huyu ni wa mfumo. Wa mfumo haguswi." Akaniachia namba yake ya simu, akaenda.

Mara ya pili alikuja na kumbukumbu ya kuongeza, kipande kidogo kama kitana. Akafungua ubavu wa mashine huku inawaka, jambo ambalo wenzake husema haliwezekani na ambalo aliniomba nisimwambie mtu, akakipachika. Meza ikawa mara mbili. Nilifurahi, nikamwambia Mungu akubariki kaka. Kufikia saa ya chai Mgeni alikuwa ameila nyongeza yote na kuuliza kama ipo nyingine.

Mara ya tatu, labda kwa kuwa alinikuta nimeinamia meza nalia, aliamua kusema ukweli. Dawa ni moja, alisema, na ni ya bure: kuzima mashine na kuiwasha. Dakika mbili tu. Ukiizima, Mgeni anatoka. Fundi akanyoosha kidole kwenye kitufe. Kidole kikafika. Kisha akaiona karatasi, akakirudisha kidole mfukoni kama amekiunguza.

3. Kwamba ipo karatasi.

Imebandikwa kwenye paji la mashine, juu tu ya kitufe. Imeandikwa kwa kalamu nene, herufi kubwa: USIZIME!!! KAZI INAENDELEA. Alama za mshangao ni tatu, nimezihesabu mara nyingi. Haina sahihi, haina tarehe, haina muhuri. Kwenye ofisi ambayo hata barua ya kuomba ufagio hugongwa mihuri miwili!

Nimefanya uchunguzi wangu. Bosi wetu alihamia hapa wiki mbili baada ya mimi kwenda likizo, naye anasema aliikuta. Mzee wa Mihuri, ambaye yupo tangu jengo lipakwe rangi ya kwanza lakini kompyuta haigusi hata kwa fimbo, anasema yeye aliikuta asubuhi moja. Dada wa usafi aliikuta. Karani aliyeshika nafasi yangu aliikuta, na akaondoka akaiacha. Mimi likizo yangu ilinianza ghafla, kabla ya tarehe, hapahapa kwenye kiti hiki, nikatolewa nimeshikwa mkono na Mzee wa Mihuri. Niliporudi baada ya miezi minne, na mimi nikaikuta. Yaani karatasi hii kila mtu aliikuta, kama mlima.

Bosi ndiye mwenye uhakika kuliko sote. Anasema hakuna shaka yoyote, imebandikwa na wataalamu wenu wa Makao Makuu. Nilipomuuliza amejuaje, alinijibu kwamba mtu wa kawaida hawezi kuandika kwa ujasiri namna ile.

4. Kwamba karatasi sasa ndiyo inayotutawala.

Umeme ulipoanza kukatika mara kwa mara, Bosi aliagiza betri kubwa ya akiba ili kazi inayoendelea iendelee. Ilipokuja ikaonekana kwamba birika la chai likichemka betri inalalamika, basi birika likaondolewa. Tangu mwezi wa pili tunakunywa maji ya bomba kwa ajili ya kazi ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Dirisha la chumba halifunguliwi, maana upepo unaweza kuibandua. Kwa hiyo mchana tunachemka sisi badala ya birika. Rangi ya herufi ilipoanza kufifia kwa jua, Bosi alimtuma dada wa usafi kuzipitia upya kwa kalamu, taratibu, bila kubadilisha kitu, kisha ikafunikwa karatasi ya plastiki na gundi pande zote nne. Walipokuja wakaguzi kutoka wilayani waliletwa kuiona. Mmoja alivua kofia.

5. Kwamba wanaoumia ni wazazi walio kwenye benchi.

Huku kwangu hawaji watu wenye muda. Wanakuja akina mama wenye mshono mbichi, na akina baba walioomba ruhusa ya nusu saa kazini. Mtoto ana siku nane duniani, jambo la kwanza tunalomfundisha ni foleni. Wiki iliyopita mama mmoja alisubiri cheti tangu asubuhi. Mwanawe aliingia bila jino na naapa alitoka nalo. Mama mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Tulifurahi pamoja, kisha akakumbuka kuwa amekasirika.

Na hapa lipo jambo linaloniuma zaidi, ambalo nakuandikia wewe kwa kuwa hunioni usoni. Ili niwahi kituoni, huwa naanza kuchapa muhtasari saa tisa na nusu, halafu naomba kimoyomoyo asije mzazi mwingine, kwa kuwa akija, idadi inabadilika na uchapaji unaanza upya. Mimi niliyeajiriwa kuwapokea watoto, naomba watoto wasije! Mara mbili walikuja. Mara ya kwanza ni baba mmoja kijana aliyelowa jasho, saa kumi na robo, ameshika karatasi ya hospitali kwa mikono miwili kama sinia. Ningemwambiaje arudi kesho? Nilimwandikia mwanawe, nikampongeza, nikaenda kuandikwa ubaoni.

6. Kwamba Mgeni hajawahi kuonyesha alichofanya.

Nilivumilia nikidhani pengine anafanya jambo kubwa. Lakini miezi saba sasa, hata mstari mmoja! Mimi pia, Ndugu Mkurugenzi, ni mtu wa nyuma ya pazia. Nyumbani nafua, nachemsha, napepea, napanguza, nabembeleza, na hakuna anayeniona nikifanya. Lakini ifikapo jioni nepi zipo kwenye kamba, zinaonekana, ukitaka unaweza kuzihesabu. Nepi za Mgeni ziko wapi?

Nimefikiri sana, na nimefikia hatua ya kuelewa sheria ilivyo. Anayekula kidogo na kutoa maelezo kila siku, huyo ndiye anayeulizwa kwa nini umechelewa. Anayekula chote na asiseme neno, huyo ni wa mfumo, na wa mfumo haguswi. Kama sheria ndiyo hiyo, basi sina ugomvi nayo, nataka tu kuwa upande wake mzuri. Naomba rasmi niandikishwe kuwa kazi ya mfumo. Nitapewa jina lisilotamkika, nitalala juu ya meza, nitabandikwa karatasi mgongoni. Mtu akija kuniuliza chochote, ataisoma, atarudi kinyumenyume.

Usidhani natania, maana nimekwisha kufanya majaribio. Jumapili iliyopita niliandika karatasi kama ile nikaibandika kwenye kitanda cha Kadogo, nikaenda kuoga. Baba yake aliisoma akaitii. Mtoto alilia, akalowa, akalia tena, naye amesimama pembeni na mikono nyuma. Nilipomuuliza akaniambia, "Si umeandika kazi inaendelea?" Mume wangu ni mtu mwema na ana akili timamu. Ndipo nikajua kwamba tatizo letu si kompyuta.

7. Kuhusu mwandishi wa karatasi.

Sijui ni nani, lakini kwa kuisoma kila siku tumezoeana, na nina machache ya kusema juu yake.

Kwanza, huyu mtu hana mtoto. Hilo naliandika kwa uhakika. Mwenye mtoto haanzishi jambo akaondoka zake na kuwaachia wengine bila hata kusema litaisha lini. Mwenye mtoto akiweka maziwa motoni hawezi kutoka nje, na akilazimika kutoka, atamwita mtu amwambie maziwa yako motoni.

Pili, huyu mtu ni msahaulifu, tena wa kiwango cha juu. Mimi nalala kwa vipande vipande, nusu saa huku, robo saa kule, na bado sijasahau kitu hata kimoja tangu nijifungue. Siku ya kwanza niliporudi kazini nilimsajili mwanangu mwenyewe kabla hata sijashusha mkoba begani. Kwa mkono mmoja! Huyo ndiye mtu makini. Huyu wetu alibandika amri akaenda kulala usingizi wake, na mpaka leo sidhani kama kuna siku ameshtuka akasema, jamani, ile mashine.

Tatu, anaandika vibaya.

MAOMBI YANGU

Kwa heshima zote naomba yafuatayo, na naomba kabla ya kesho Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya wazazi wengi, na ubaoni nina nafasi moja tu.

(a) Mwandishi wa karatasi atafutwe kwa mwandiko wake, hata ikibidi kila mfanyakazi wa Makao Makuu aandike neno USIZIME mara tatu mbele ya shahidi.

(b) Akipatikana, aletwe hapa. Akae kwenye benchi na akina mama wiki nzima, na amwombe radhi kila mmoja kwa zamu yake, akianza na yule wa jino. Ikifika saa kumi na nusu akimbie kwa miguu kutoka hapa mpaka kituoni, asimame mbele ya ubao, amtazame Mlezi machoni.

(c) Mtu huyo asipewe likizo ya aina yoyote tena, maana ni dhahiri akiondoka haachi mambo yake sawa.

(d) Ikishindikana kumpata, basi Mgeni apewe namba ya ajira, ili angalau tuweze kumhamisha.

(e) Birika lirudi.

Kama ushahidi, leo alasiri Bosi atakapokwenda kwenye kikao nitaibandua karatasi yenyewe na kuiambatisha hapa kama Kiambatisho A. Najua uzito wa jambo hili. Ili nisije nikaingiwa na woga nikarudi nyuma, nimempa Mzee wa Mihuri barua hii aigonge muhuri mapema na kuiingiza kwenye daftari la barua zinazotoka, namba 118. Amenitazama juu ya miwani akaniuliza, "Mwanangu, una hakika?" Nimemwambia Mzee wangu, sijawahi kuwa na hakika kama leo.

Naomba unisalimie wote wa ofisini kwako, pamoja na yule dada wa mapokezi ambaye nikipiga simu huniwekea muziki. Mwambie muziki ni mzuri na nimeukariri, Kadogo naye anaupenda. Wasalimie watoto wako kama unao, na kama waliandikishwa hapa kwetu wakati wa dakika tatu, basi washukuru. Mzee wa Mihuri anasalimu. Dada wa usafi anasalimu. Subiri Kidogo angesalimu lakini bado hajafika.

Ni mimi, nisiyetaka ugomvi na mtu ila haki ya dakika arobaini na saba zangu,

Karani wa Chumba Namba 3
(Mama Kadogo)

Kiambatisho: A — karatasi.

NYONGEZA, Ijumaa asubuhi.

Ndugu Mkurugenzi, barua ikishaingia kwenye daftari haitolewi. Mzee wa Mihuri amekataa, anasema namba 118 ni namba 118. Kwa hiyo inakuja kwako kama ilivyo, na mimi naongeza haya.

Jana saa tisa niliibandua karatasi. Plastiki ilitoka, gundi ikatoka, nikaigeuza ili niandike nyuma yake "Kiambatisho A". Nyuma palikuwa pamekwisha kuandikwa. Ilikuwa orodha, kwa kalamu ya kawaida: shuka mbili, beseni dogo, nepi, pini, kadi ya kliniki, soksi hata kama kuna joto, kumwambia mama aje. Kila mstari una tiki. Mstari wa mwisho unasema: kuzima ile kazi ya kompyuta kabla sijaondoka. Huo hauna tiki.

Mwandiko ni wangu.

Nilikaa. Yote yakanirudia. Asubuhi ile, nikiwa na tumbo la kuziba meza, niliiambia mashine ilinganishe watoto wote tuliowasajili, mmoja mmoja na wenzake, ili ione nani kaandikwa mara mbili. Na ikimaliza ianze tena, wasije wengine wakapita katikati. Nilitaka nimwachie mwenzangu daftari safi. Ilikuwa kazi ya siku moja. Karatasi niliyokuwa nayo karibu ni ile ya orodha, nikaandika upande wa pili. Saa nane mchana uchungu ukanishika.

Niliizima ile kazi. Mgeni hakubisha. Kabla ya kutoka alitoa mstari mmoja kwenye kioo, wa kwanza kwa miezi saba: waliojirudia, mmoja. Nikamfungua huyo mmoja. Ni Kadogo. Baba yake alimsajili wiki ile ile aliyozaliwa, kwa karani aliyeshika nafasi yangu, akaja akaniambia, nami nasikia nilimjibu asante. Kwa hiyo mwanangu ana vyeti viwili, na Mgeni ndiye pekee katika ofisi hii aliyekuwa akilijua hilo, na hakuwa na wa kumwambia.

Bosi aliporudi alisimama mbele ya mashine isiyo na karatasi, akaniuliza kwa sauti ndogo nani ameruhusu. Nikamwambia, aliyeandika. Akaridhika kabisa, akasema alijua tu kwamba Makao Makuu wangefika siku moja. Sikumsahihisha. Naomba na wewe usimsahihishe mpaka birika lirudi.

Kuhusu maombi yangu: (a) na (d) yamejijibu. (c) naliondoa, kwa unyenyekevu mkubwa, maana tunapanga kumpatia Kadogo mdogo wake. (b) nalikubali lote. Yule mama wa jino nimempigia simu asubuhi hii; amecheka mpaka mtoto akaamka. Muhtasari wa jana ulitoka kwa dakika tatu. Nilifika kituoni saa kumi na moja kasoro dakika kumi, kwa kukimbia ingawa hapakuwa na haja, na Mlezi aliitoa saa yake mkononi akaitikisa sikioni. Majina yangu mawili bado yapo ubaoni. Nimemwambia ayaache.

Kiambatisho A sikiambatishi tena. Nimekwenda nacho nyumbani, na ule mstari wa mwisho nimeuwekea tiki.